Nyonyo ya Injini

Injini ilikuwa imeshakaa siku kumi na mbili uani kwa fundi Jabiri, Temeke, na kuku walikuwa bado wanaipita kwa mbali. Ilifungwa kwa bolti juu ya mataruma ya reli, silinda zake tisa zimejipanga duara kama watu tisa waliozunguka sinia moja. Ilitoka kwenye ghala la vyuma chakavu, imepakwa grisi nzito tangu vita ile ya kwanza ilipokwisha. Bwana Harlow wa klabu ya ndege aliinunua ili aitie kwenye ndege ya kuigiza, ya mabawa ya juu na ya chini, kama zile zilizokuwa zikiruka zamani za Mjerumani. Banda la klabu lilikuwa linavuja. Ndo maana injini ikaletwa nyumbani kwa fundi, na mke wa fundi akahamisha jiko lake.

Jumatatu asubuhi Bwana Harlow alikuja kuitazama. Alitia kidole ndani ya silinda moja, akakitoa cheusi, akatafuta kitambaa. Hakukiona. Akavuta pembe ya kanga ya Tunu, mke wa Jabiri, iliyoanikwa kwenye kamba, akafutia vidole vyote vitano, kimoja kimoja. Tunu alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, ndoo tupu mkononi. Alimtazama mumewe. Jabiri aliinama akakaza bolti iliyokuwa imeshakazwa. Tunu akajitwisha ndoo yake akaenda bombani.

"Kazi mzuri, Jabiri," Bwana Harlow alisema. "Mafuta iko ngapi?"

"Yale ya kopo yamebaki kidogo, bwana."

"Meli nachelewa. Kopo ingine hapana kuja mpaka mwezi ya tisa. Maonyesho iko Jumamosi ya wiki ijayo. Hapa watu napika nyonyo, sivyo?"

"Mama yangu anapika, bwana."

"Basi. Debe moja. Lakini sikia. Injini hii nakula nyonyo tupu. Kama natia mafuta ingine, naingia ndani ya petroli, napotea. Chuma nakauka, nakamata. Na mimi iko juu." Alionyesha mbinguni kwa kidole ambacho sasa kilikuwa safi. "Kama nazunguka mzuri, mimi naandika barua. Wewe fundi ya uwanja ya ndege. Nyumba ya serikali, vyumba mbili, bati juu."

Gari lake lilipoondoka, Romani seremala alitoa kichwa bandani ng'ambo ya njia. Romani alitoka Mahenge, na ndiye aliyekuwa akiunda mabawa ya hiyo ndege kwa mbao nyembamba na kuyavisha kitambaa cheupe cha pamba kiitwacho marekani.

"Nimesikia habari za bati," alisema. "Utatualika sie wa makuti?"

"Maliza mabawa kwanza."

"Mabawa yako tayari. Ila kwetu, mwenzangu, mbao zikivishwa marekani tunaziita jeneza."

Jabiri alicheka, lakini kidogo.

*

Bi Tabu, mama yake Jabiri, alikuwa nyuma ya nyumba anakaanga mbegu za mbarika za kukamulia nyonyo. Temeke nzima walimjua kwa nyonyo yake. Mtu akijifungua, hata kabla ya kumpa mtoto jina, alituma chupa tupu kwa Bi Tabu ajaziwe mafuta ya kumpaka.

"Mama, anataka debe zima," Jabiri alimwambia. "Na kusiwe na tone la nazi humo. Nazi inayeyuka kwenye petroli, injini inakamata. Ikikamata juu, mtu anaanguka."

"Mie tangu lini nikatia nazi? Nyie watu wa Dar ndo hamwezi kupaka kitu mpaka kinukie wali."

"Nakwambia tu."

"Umeshaniambia."

Jabiri hakuona haja ya kumwambia mwingine. Tunu alikuwa bado bombani, na hata angekuwepo, mambo ya injini hayakuwa ya kumweleza mke.

Mpaka Alhamisi Bi Tabu alikuwa amepata robo debe. Mafuta yalikuwa mazito, yana rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Jabiri aliyachuja mara tatu, akayatia, akaizungusha injini kwa mkono. Ilikohoa. Ikakohoa tena. Kisha ikaanza kuzunguka yote nzima, silinda na panga la mbao la mbele, lile la kuvuta ndege, kwa pamoja, na uani kote kukajaa moshi wa buluu. Matone madogo ya mafuta yaliruka yakatua kwenye nguo, kwenye masufuria, kwenye mashavu ya watu. Romani alishangilia kama mtu aliyepata mtoto.

Bi Tabu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alisimama pale pale moshi ulipokuwa unaangukia. Akagusa shavu lake, akanusa kidole. Halafu akaanza kutembea kuelekea kwenye panga lile linalozunguka, polepole, kama anayemwendea mtu anayemjua. Romani alimuwahi, akamshika mabega. Jabiri akazima.

"Imetoka wapi hii?" Bi Tabu aliuliza.

"Ghalani, mama."

"Kabla ya ghala."

Jabiri alifuta mikono kwenye suruali. "Bwana anasema ilirukaga Rufiji. Vita ile."

Bi Tabu alikaa juu ya taruma. Hakulia. Alisema kwa sauti ya mtu anayehesabu nguo za kufua.

"Kwanza tulisikia mlio, ukapita. Halafu ikashuka harufu hii. Wenzangu wakasema kuna mzazi hapa kambini kwa wapagazi, watu wanamchemshia mtoto nyonyo. Tukacheka, maana mwenye mimba nilikuwa mie peke yangu, mimba yako. Ikarudi."

"Ikarudi ikafanya nini?"

"Ikadondosha mabomu."

Jabiri alikuwa na miaka thelathini na nne, na miaka yote hiyo aliambiwa kwamba baba yake, Mwinjuma, alichukuliwa kuwabebea Wajerumani mizigo, akapotea. Wanaume watatu walikuja kumposa mama yake, na wote watatu walijibiwa neno moja, "Mume wangu hajafa, kachelewa." Watu walilizoea jibu hilo mpaka likawa utani wa mtaa, mtu akichelewa msibani au harusini huulizwa kama ametoka Rufiji.

"Nilimwona," Bi Tabu alisema. "Nilimjua kwa mguu. Sikupewa nafasi ya kumfukia. Askari walikuwa wanatupiga tunyanyue mizigo tuondoke. Nikanyanyua mzigo wake, nikaenda."

Injini ilikuwa inapoa, na chuma chake kilikuwa kinalia taratibu, tik, tik.

"Kesho naingia eda," alisema Bi Tabu, akasimama.

*

Jabiri alimwita mwalimu wa chuo cha Kurani cha jirani. Mwalimu alisimama nje ya mlango wa Bi Tabu akaeleza kwa upole kwamba eda inahesabiwa tangu siku ya kifo, miezi minne na siku kumi, au kwa mwenye mimba mpaka ajifungue. "Yako, mama, ilikwisha siku alipozaliwa huyu."

"Kwenye kitabu imekwisha, mwalimu," sauti ilijibu kutoka ndani. "Kwangu haijaanza."

Mwalimu aliondoka bila kunywa kahawa aliyowekewa. Bombani wanawake walipata la kuongea.

"Kizee kimemkumbuka mume kwa harufu."

"Mwache. Mie wangu nikimnusa nakumbuka tembo la mnazi tu."

Tunu alisikia, akajaza ndoo yake, akaondoka.

Mchana ule Jabiri alichuchumaa mlangoni kwa mama yake. Ndani aliona shuka jeupe na nyayo mbili zimeelekezwa ukutani.

"Mama, sikukatazi kukaa. Ila debe bado robo tatu. Niambie basi nifanyeje."

"Robo ile nimeipika kwa mikono yangu. Nimeilisha iliyomuua baba yako mpaka ikaamka. Wataka nini tena?"

"Nataka nyumba, mama. Nyumba yenye chumba chako."

"Ninacho hiki."

Jabiri alibaki amechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Tunu, aliyekuwa anapepeta mchele karibu, aliweka ungo chini. "Nitapika mie," alisema. Jabiri hakumjibu wala hakumshukuru. Alikwenda kununua mbegu.

*

Tunu alipika siku sita. Alikaanga, akamenya, akatwanga, akachemsha, akaengua. Siku ya tatu viganja vilitoka malengelenge. Siku ya nne vikapasuka. Siku ya tano aliufunga mchi kwa kitambaa, akaendelea. Hakuwa na mkono wa mkwewe, lakini hakuwa mjinga. Alizaliwa Kinondoni, na kwao nyonyo ilipikwa namna moja tu: chungu kikianza kutulia, unatia kata mbili za mafuta ya nazi, maana nyonyo kavu inamvuta mtoto ngozi. Akatia, chungu baada ya chungu. Akachuja kwa kitambaa safi, akamimina ndani ya debe, na kila jioni alichungulia limefika wapi.

Ndani ya chumba, siku ile ya kwanza, Bi Tabu aliinua uso kutoka kwenye tasbihi. Harufu ya nazi ilipita chini ya mlango, tamu, kama ya sikukuu. Alifungua mdomo amwite mkwewe. Nje mchi ulikuwa unapiga. Bi Tabu alisikiliza ukipiga mara ishirini, mara thelathini. Akaufunga mdomo, akaendelea na tasbihi.

Alhamisi debe lilijaa. Jabiri alichukua glasi, akatia petroli kidogo, akadondoshea mafuta ya Tunu. Nyonyo tupu ingezama ikakaa chini peke yake, mbali, kama mgeni asiyetaka kuzoeana. Hii haikuzama. Ilitandaa, ikafifia, ikapotelea ndani ya petroli. Alitikisa glasi. Akanusa. Akarudia mara ya pili kwa glasi nyingine, na ya pili ikasema kama ya kwanza.

"Vipi, imefaa?" Tunu aliuliza kutoka jikoni. Alikuwa ameviloweka viganja kwenye maji ya chumvi.

Jabiri alitazama ile glasi. Alifikiria barua. Alifikiria mguu kwenye mchanga wa Rufiji, mguu ambao hakuwahi kuuona na ambao tangu wiki iliyopita alikuwa anauona kila akifumba macho. Alifikiria pia, na hili hakulisukuma mbali upesi kama ilivyotakiwa, Bwana Harlow akiwa juu kabisa, mdogo kama kunguru.

"Imefaa," alisema, akaimwaga glasi nyuma ya choo.

Ijumaa lori la klabu lilikuja. Watu wanane waliipakia injini, na debe likakaa mbele, kati ya dereva na fundi.

*

Uwanjani Jumamosi kulikuwa na viti chini ya turubai kwa Wazungu, na kamba kwa watu wengine. Ndege ya Romani ilisimama kwenye majani, nyeupe, ikipendeza kuliko vile watu wake walivyotegemea. Romani mwenyewe alikuwa nyuma ya kamba, amevaa koti la kanisani.

Bwana Harlow alikuja amevaa kofia ya ngozi. Alimpiga Jabiri begani mbele ya watu, akagonga mfuko wake wa shati palipokuwa na bahasha. "Barua iko hapa," alisema. Kisha akapanda. Jabiri alikwenda mbele, akaweka mikono yote miwili juu ya panga, akangoja aambiwe.

Bwana Harlow alikuwa bado anajiweka sawa. Mguu wake mmoja ulibaki nje ya ndege, unaning'inia. Soksi ilikuwa imeshuka, na ngozi ya hapo ilikuwa nyeupe mno, yenye alama za mbu, kama ya mtu yeyote aliyelala bila chandarua. Jabiri aliutazama mguu ule. Mikono ikatoka kwenye panga.

"Mafuta si safi, bwana."

"Nasema nini?"

"Yamechanganywa. Usiruke."

Aliomba glasi kutoka meza ya vinywaji. Mtumishi alimpa huku akimtazama kama mwizi. Akatia petroli, akatia mafuta, akainua juu. Bwana Harlow alishuka, akaitazama glasi muda mrefu. Uso wake ulikuwa umekauka kama udongo wa ukutani. Mwenzake mmoja chini ya turubai aliuliza kitu kwa Kiingereza, akajibiwa. Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka.

"Tangu lini najua?"

"Leo, bwana. Sasa hivi."

"Nani pika hii?"

Jabiri alitazama chini. Majani ya uwanja yalikuwa yamekatwa vizuri. Nyuma ya kamba watu walikuwa wamesogea ili wasikie.

"Mke wangu."

"Jina."

"Tunu binti Salumu. Temeke."

Karani alitoa daftari akaandika. Bwana Harlow alitoa bahasha mfukoni, akaitazama pande zote mbili kana kwamba anatafuta ilipokosewa, akairudisha. "Kwenda nyumbani," alisema. "Askari nakuja kuuliza maneno."

Romani alimkuta barabarani, koti la kanisani liko mkononi. Walitembea pamoja mpaka Temeke. Mara moja tu Romani aliuliza, "Ulikuwa lazima utaje jina?" Jabiri aliongeza mwendo, na Romani hakurudia.

*

Tunu alikuwa amefagia uani na kupika pilau kwa ajili ya barua. Pale injini ilipokuwa palibaki doa jeusi, na kuku walikuwa bado wanalizunguka.

Jabiri hakukaa. Alieleza akiwa amesimama, uso ameuelekeza mlangoni kwa mama yake, kama vile Tunu hayupo. Nazi. Glasi. Barua iliyorudi mfukoni. Mwisho akasema, "Wameandika jina lako. Askari watakuja kuuliza."

"Jina langu?" Tunu alisema. "Mie nimefanya nini?"

"Umetia nazi."

"Si ndo inavyopikwa? Nani aliniambia nisitie?"

Kisha sauti ya Bi Tabu ikatoka ndani, ya chini, ya mtu aliyelala na kauli hiyo muda mrefu.

"Niliambiwa mie. Nilisikia harufu ya nazi tangu siku ya kwanza. Nikanyamaza. Nikasema, acha ipande, acha safari hii idondoke yenyewe."

Jabiri aliegemea nguzo. "Na mie nilijua Alhamisi," alisema. "Niliona kwenye glasi. Nikamwambia imefaa."

Mama na mwana walitazamana kupitia mlango uliofunguliwa nusu. Kulikuwa na kitu kama nafuu kati yao, nafuu ya watu wawili waliokutana njiani wakitoka mahali pabaya. Tunu aliwatazama wote wawili. Alivigeuza viganja vyake juu. Ngozi mpya ilikuwa nyekundu, nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Siku sita," alisema. "Mie natwanga, mama unanisikiliza. Mie nauliza imefaa, mume unanijibu. Angekufa yule Mzungu, wangeuliza mafuta kapika nani. Si marehemu Mwinjuma. Si injini. Mie."

"Tunu," Jabiri alisema.

"Ungelitaja jina langu vilevile."

Hakupiga kelele. Aliingia ndani akatoka na kitambaa alichofungia nguo mbili na kitana. Aliipua sufuria ya pilau motoni isije ikaungua, akaifunika, akatoka kwa njia ya mbele. Majirani waliokuwa mlangoni kwa ajili ya habari za ndege walimpisha. Jabiri alipiga hatua mbili, akasimama juu ya lile doa, akashindwa kwenda mbele.

Ndipo mlango wa ndani ukafunguka wote. Bi Tabu alitoka amejifunga shuka jeupe, siku ya tisa ya eda aliyoingoja miaka thelathini na mitano, peku, mchana kweupe, mbele ya watu. Mwanamke mmoja alisema, "Jamani, eda," na mwenzake akamshika mkono anyamaze. Bi Tabu aliwapita. Mwanga ulimuumiza macho. Alitembea katikati ya barabara ya mchanga, mkono mmoja umeshika shuka, mpaka akamwona Tunu mbele, karibu na duka la mkaa.

"Tunu."

Tunu aliendelea kwenda.

"Sikwambii urudi. Sina uso huo. Ila mie nimeshaachwa na mtu asiyeniaga, na nimeuona mwisho wake. Wewe niage."

Tunu alisimama. Mbele yake barabara ya Kinondoni ilikuwa nyeupe kwa jua, na mtu wa baiskeli alipita akigonga kengele, akageuka kumtazama yule mama wa shuka. Tunu aligeuka pia. Aliona miguu ya mkwewe ndani ya mchanga wa moto, inapokezana, mmoja juu ya mwingine, kama ya mtoto.

Alifungua mdomo amuage. Neno lilikuwa pale, dogo, la kila siku, analolijua kila mtu. Halikutoka. Na Bi Tabu, kwa kuwa alikuwa hajaagwa, alibaki amesimama pale pale akingoja.